Gari la Baba Kutoka Kalenga

Mama Mdogo alinipigia simu mwishoni mwa Juni. Baada ya salamu na habari za watoto alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, lile banda la gari tunalibomoa. Mdogo wako anataka kujenga. Njoo uchukue gari la baba yako, maana wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita hapa mara mbili."

Nilimwomba asiwaruhusu hata kuligusa. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikiliona lile gari limekatwa vipande, limelundikwa juu ya Canter, na bampa yake inaning'inia nyuma.

Gari lenyewe ni Peugeot 404. Baba alilinunua mwaka 1972 kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahama. Vijana wa leo hawalijui, lakini waliokuwa watu wazima enzi zile hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza mashindano ya Safari Rally, na la kwanza lilikuwa 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na 404. Mwaka 1968 mvua iliharibu njia, yakamaliza tena magari saba tu, na mbele yao ilikuwa 404. Baba aliyajua haya yote kwa kichwa. Alikuwa akiyataja mezani kama mtu anavyotaja ukoo wake, na sisi watoto tuliamini kwamba gari letu nalo lilikuwa na sehemu katika ushindi ule.

Nilikodi tela la kubebea magari, nikafunga nyuma ya Hilux yangu. Mwenye tela alinihesabia vyuma viwili vya kupandia, winchi moja ya mkono na mikanda minne ya kukazia, akanionyesha jinsi ya kuunga waya za taa, akachukua fedha zake. Juu ya namna ya kupakia hakusema neno, nami sikuuliza. Nilimchukua fundi wangu wa siku zote, tukatoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri ili tuipite Kimara kabla malori hayajaamka.

Kwenda hakukuwa na la kusimulia sana. Jua lilitukuta Chalinze, Morogoro tukanywa chai, ndani ya hifadhi ya Mikumi tukapunguza mwendo kama ilivyoagizwa, tukawaona tembo watatu kando ya barabara. Tela tupu lina kelele. Kwenye kila tuta lilikuwa linaruka na kujipigiza, mpaka nikazoea kulisikiliza badala ya redio. Ruaha Mbuyuni tulizungukwa na wauza vitunguu, nikaahidi kununua wakati wa kurudi. Kitonga tulikipanda nyuma ya lori la mafuta, taratibu, kona baada ya kona, na tulipofika Ilula baridi ya nyanda za juu ilikuwa imeshaingia kwenye vioo. Kalenga tuliingia jioni. Ni mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini, kwenye njia iendayo hifadhi ya Ruaha, pale lilipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Baba alipenda kuwapeleka wageni kuliona, na aliwapeleka kwa 404 hata kama ni umbali wa kutembea kwa miguu.

"Kamwene!" Mama Mdogo aliita kutoka mlangoni kabla sijazima injini.

"Kamwene, Mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Mkono wako wa baridi hivyo! Ingia jikoni kwenye moto."

Sikuingia. Nilichukua tochi nikaenda bandani kwanza.

Lilikuwa pale pale Baba alipoliacha mwaka 1991. Rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka kama ya maziwa yaliyolala. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nilifungua mlango wa dereva, ukafunguka bila kukwama, nikakaa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye fimbo ya gia, ambayo katika 404 iko kwenye shingo ya usukani. Kichwa chake cha plastiki kilikuwa kimelika upande mmoja, upande wa kiganja cha Baba. Kwenye kijisanduku cha mbele nilikuta kipande cha chaki na hendeli ya kuwashia imefungwa kwa kitambaa. Kwenye bampa ya mbele bado kuna tundu lake. Miaka ile ya mgao wa mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri, betri ilikuwa ikilala, na Jumatatu asubuhi kazi ya kuzungusha hendeli ilikuwa ya kaka yangu. Mimi nilikuwa nakaa ndani nikivuta choki. Tuliliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa.

Asubuhi tulianza kazi kabla ya umande kukauka. Matairi matatu yalikubali upepo, la nne tukalifungia gurudumu la akiba. Breki zilikuwa zimekamata zote. Fundi alipiga jeki, akafungua gurudumu moja moja, akagonga, akapaka mafuta, akagonga tena. Saa nne magurudumu matatu yalikuwa yanazunguka. La nyuma kulia lilizunguka kwa kunung'unika, likawa linashika na kuachia.

"Litatosha, dada," fundi alisema. "Winchi italivuta tu."

Sasa naomba nieleze tulivyoyapanga magari, kwa sababu kosa letu lilikuwa humo na lilionekana kama akili. Uwanja wa nyumbani una mteremko kutoka bandani kwenda kwenye bustani ya mboga, na chini ya bustani kuna mfereji wa maji. Tuliisimamisha Hilux ikielekea chini, mkia wa tela ukiwa juu, mlangoni mwa banda. Kwa njia hiyo vyuma vya kupandia vilikaa karibu sawa na ardhi na gari lisingehitaji kupanda mlima. Niliweka gia, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Fundi alitikisa tela kwa mikono miwili, halikusogea. Tuliridhika.

Mdogo wangu mwingine, kijana wa kidato cha tatu, alitaka kukaa nyuma ya gari na jiwe, ili kila likisogea aliweke chini ya gurudumu. Fundi alimfukuza. "Nyuma ya gari linalovutwa hakai mtu. Kaa ubavuni, mbali kidogo, jiwe lifungie kwenye kijiti ulisukume." Kijana alikasirika, akaona anadharauliwa. Lakini alihama. Neno lile la fundi nalikumbuka kuliko maneno yote ya siku ile.

Fundi alianza kuzungusha mkono wa winchi. Trak, trak, trak. Gari likatoka kwenye giza la banda, kwanza taa, kisha boneti, vumbi la miaka likianguka pembeni. Mama Mdogo alipiga vigelegele. Magurudumu ya mbele yakashika vyuma, yakapanda, yakafika kwenye ubao wa tela. Nusu ya mbele ya 404, yaani injini yote na uzito wake, ikawa imekaa kwenye mkia wa tela, nyuma kabisa ya ekseli.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa Hilux, dirisha liko wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo sana. Nafasi kati ya tairi ya nyuma ya Hilux na madigadi yake ilikuwa inaongezeka. Matako ya Hilux yalikuwa yanainuka polepole kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti. Nilikuwa bado najiuliza ni kwa nini, ndipo Hilux ikaanza kuteleza kwenda chini.

Magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo. Yalikuwa yamefungwa, lakini yaligusa ardhi kwa ncha tu, yakawa yanakwaruza majani yenye umande kama mtu anayeburutwa. Nilijitupa kupitia mlangoni, nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Breki ya mguu inashika na magurudumu ya mbele, na hayo yalikuwa bado na uzito juu yake. Hilux iligoma, ikasimama. Nilipohesabu baadaye zilikuwa hatua sita. Kutoka pale kwenye mfereji zilibaki nne.

Nyuma yangu nilisikia mlio wa chuma ambao sitaki kuusikia tena. Tela lilipoondoka, gurudumu lile la nyuma kulia lilikamata, 404 ikakataa kufuata. Chuma cha kupandia cha kushoto kikachomoka, kikaruka ubavuni. Gari likaanguka upande mmoja, tumbo lake likakalia ukingo wa tela, na taa ya mbele ya kushoto ikajigonga, ikavunjika. Kisha kimya.

"Yuko wapi mtoto?" Mama Mdogo alipiga kelele. "Mtoto yuko wapi?"

Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, kile kijiti bado kiko mkononi. Chuma cha kupandia kilikuwa kimelala mbele ya miguu yake. Nilipima kwa kiganja changu umbali kutoka kwenye unyayo wake wa kulia mpaka kwenye ukingo wa kile chuma. Kiganja kimoja na vidole viwili. Angekuwa nyuma ya gari, pale alipotaka kukaa, leo nisingekuwa naandika habari za taa.

Sikuinuka kwenye kiti kwa muda mrefu. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye breki na niliogopa kuutoa. Fundi alikuja na mawe mawili makubwa akayasukumia mbele ya magurudumu ya mbele ya Hilux, akanigonga begani, akasema, "Dada, achia sasa. Limeshikwa." Nikaachia, nikalia. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu, na nililia kwa ajili ya ile taa pia, naomba nisilaumiwe. Baba alikuwa akiing'arisha pete yake kwa majivu na kitambaa kila Jumamosi.

Sauti ilikuwa imefika kwa majirani. Waliingia mmoja mmoja, wengine na majembe yao, mpaka uwanja ukajaa. Kati yao alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya mizigo kwenda Zambia kwa miaka mingi. Hakuniuliza imekuwaje. Alizunguka tela mara moja, akachuchumaa, akatazama chini ya mkia wake.

"Gogo lenu liko wapi?" aliuliza.

"Gogo gani, mzee?"

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Binti yangu, tela ni pembea. Ekseli iko katikati. Mzigo ukipanda nyuma, nyuma inashuka, shingo inanyanyuka, na shingo imeshika matako ya gari lako. Gari lako breki yake ya mkono iko magurudumu yapi?"

"Ya nyuma."

"Na gia?"

"Nayo ya nyuma."

"Basi ulipoyanyanyua ya nyuma, ulikuwa na kitu gani kinachokushika?"

Sikuwa na jibu. Nimeendesha gari zaidi ya miaka ishirini, na jambo hili dogo, ambalo mtoto yeyote aliyecheza pembea analijua mwilini mwake, halikuwahi kunijia.

Mzee alichukua uongozi wa kazi, na hakuna aliyempinga. Kwanza alitaka 404 ishushwe, isivutwe. "Waya ukishakazika hivi, ukikatika unachinja," alisema, akaomba blanketi zito, akalitandika juu ya waya wa winchi ili ukikatika lipokee nguvu yake. Mama Mdogo alitoa la kitandani kwake. Kisha jeki mbili zikawekwa chini ya gari, kulia na kushoto, na kwa kila kiasi jeki ilichopanda wanaume walisukumia vipande vya mbao chini, ili jeki ikiteleza gari lisianguke zaidi ya unene wa kidole. Wakati huohuo fundi alilala ubavu, akalifungua tena lile gurudumu la nyuma kulia. Safari hii hakuliacha mpaka nikalizungusha mwenyewe kwa kidole kimoja. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Nimeshiriki misaragambo mingi, lakini sijawahi kuona watu wakilinyanyua gari kwa upole ule, kama wanamnyanyua mgonjwa. Wengi wao Baba alikuwa amewafundisha.

Sampu ilikuwa imebonyea lakini haikupasuka. Madigadi ya kushoto ilikunjika. Kioo cha taa kilikuwa vipande, na ile pete yake ya kung'aa ilikuwa imejipinda kama ganda la ndizi.

Tulikula ugali na maharage wote pale uwanjani, kisha tukaanza upya. Tulilizungusha tela tukalipeleka mahali tambarare, kando ya njia. Mzee alichagua magogo mawili ya mlingoti, akayakata kwa kimo cha mkia wa tela, akayasimamisha chini yake, moja kila upande, akayapigia kabari mpaka yakakaza. Mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu yote manne ya Hilux na ya tela. Mdogo wangu aliombwa kusimama mbali, akasimama mbali. Trak, trak, trak. Nilikuwa nimechuchumaa naangalia tairi ya nyuma ya Hilux na madigadi yake. Nafasi haikubadilika hata kwa unene wa kucha.

Nilidhani tumemaliza. Mzee alisema bado, sasa ndiyo tunaanza. Alitaka kujua gari likae wapi juu ya tela. 404 ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000, na tela lenyewe kilo 600. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito huo wote inapaswa kuilemea shingo. Hiyo ni kama mifuko mitatu ya saruji nyuma ya pikapu. Ikipungua, tela litaanza kutikisa mkia kwenye mwendo, na mkia ukishaanza kutikisika kwenye mteremko, dereva hana lake. Ikizidi sana, pua ya pikapu inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Alipima kwa kijiti kutoka ardhini mpaka kwenye bampa ya nyuma ya Hilux, akaweka alama kwa kile kipande cha chaki cha Baba, kisha akatusogezesha gari mbele, nyuma, na mbele tena, mpaka aliporidhika. Mikanda minne ilifungwa kwenye ekseli, siyo kwenye bodi, miwili ya nyuma ikipishana kama mkasi.

"Ukifika Ipogolo simama, ikaze upya," aliniambia. "Mikanda ya mwanzo wa safari hulegea. Na Kitonga ushuke na gia ya pili toka juu. Usingoje mpaka uhitaji breki."

Nilitaka kumpa chochote. Alikataa, akasema kama nataka kulipa, nimpeleke mdogo wangu akasome ufundi wa magari, kwa kuwa ameona macho yake.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Ipogolo nilisimama, na kweli mikanda miwili ilikuwa imelegea. Kitonga tulishuka na gia ya pili, nyuma yetu foleni, wenye haraka wakipiga honi. Sikuwajali. Kwenye kioo niliiona 404 imetulia, uso wake wenye jicho moja ukinitazama, na tela halikutikisa mkia hata mara moja kutoka juu mpaka kwenye mibuyu ya bondeni. Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu, kama nilivyoahidi. Dar es Salaam tuliingia usiku wa manane.

Sasa gari lipo kwangu, chini ya paa. Fundi amenyoosha madigadi na sampu, injini inageuka kwa hendeli, ingawa bado haijawaka. Magogo yale mawili ya mlingoti nilikuja nayo, na yeyote anayeniazima pikapu kwa kazi ya tela namkabidhi pamoja na ufunguo. Mdogo wangu ameshajaza fomu za chuo cha ufundi.

Kilichobaki ni pete ya taa. Nimezunguka maduka ya spea, Gerezani na Kariakoo, sijaipata. Msomaji, kama nyumbani kwenu, nyuma ya ghala au chini ya mwembe, kuna mabaki ya 404, nakuomba ukatazame taa ya mbele ya kushoto kabla hujawaita watu wa vyuma chakavu.